Asiya wa Mombasa na Michezo Yake Minne

(Mazungumzo na wanakisomo wa Tukuyu)

  

Leo hatukuja na habari za mbolea wala za bei ya majani ya chai. Tumekuja na habari za mwanamke mmoja wa Mombasa, nchini Kenya. Jina lake ni Asiya Mohammed Sururu. Hana miguu yote miwili. Vidole vya mikono yake havikutimia. Lakini amecheza tenisi, amecheza vinyoya, amekimbia mbio ndefu kwa kiti mwendo, na mwaka 2021 alikwenda Japani kupiga kasia kwa niaba ya nchi yake.

Sababu ya kumleta Asiya hapa tutaisema mapema, isije ikaonekana tumekuja kupiga porojo. Sisi wa Elimu ya Watu Wazima tunapoandikisha wanakisomo tunapita nyumba kwa nyumba. Tunauliza: nani humu hajui kusoma? Tunatajiwa baba, mama, bibi. Tunaandika majina. Tunaaga. Tunapofika penye migomba tunasikia mtu anakohoa katika chumba cha nyuma. Tunauliza, na huyo ni nani? Tunajibiwa, "Ah, huyo si wa kuhesabu."

Maneno hayo tumeyasikia zaidi ya mara moja, na si katika kijiji kimoja. Basi leo tunataka tumhesabu mmoja, tuone hesabu yake inafika wapi.

Asiya alipokuwa na umri wa miaka 2 aligongwa na gari moshi. Mtoto wa miaka 2, mnajua, ndio kwanza miguu imepata nguvu. Hakai mahali. Gari moshi lilimkata miguu yote miwili na baadhi ya vidole. Akapona. Wazazi wake nao wakafariki angali mdogo, akalelewa na jamaa. Tuseme ukweli, katika vijiji vyetu mtoto wa namna hiyo watu wangemhurumia sana, wangemletea ndizi na maziwa, halafu wangemwacha akae barazani mpaka azeeke. Huruma ya kumwachia mtu baraza ni huruma, hatukatai, ila haimfikishi mahali.

Jamaa waliomlea Asiya walimpeleka shule. Hilo ndilo la kwanza, na ndilo tungependa mlishike kuliko hayo ya Japani. Alisoma, akaendelea, akasomea ualimu. Michezo ilimkuta ana kalamu mkononi.

Sasa tuangalie michezo yenyewe, maana wengine hapa mtauliza mtu asiye na miguu anacheza tenisi vipi.

Tenisi ya viti ilianzia Marekani mwaka 1976. Kijana mmoja, Brad Parks, aliumia uti wa mgongo katika mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Akaanza kupiga mpira wa tenisi akiwa ameketi, na wenzake wakamfuata. Uwanja ni uleule. Wavu ni uleule, na urefu wake ni uleule. Raketi ni ileile. Kanuni moja tu ndiyo imebadilishwa. Mtu anayecheza kwa miguu anaruhusiwa kuacha mpira udunde chini mara moja. Anayecheza kwa kiti anaruhusiwa mara mbili. Basi. Hakuna huruma nyingine ndani ya uwanja ule.

Na kiti chenyewe si kile tunachokiona hospitali. Kiti cha hospitali kina magurudumu yaliyosimama wima, na mishikio nyuma ya kusukumiwa na mtu mwingine. Kiti cha tenisi magurudumu yake yamelala upande, juu yamekaribiana na chini yameachana, mfano wa mtu aliyetanua miguu ili asianguke. Hakina mishikio ya nyuma, maana hakuna wa kukusukuma. Mchezaji anashika raketi, na kwa mkono uleule wenye raketi anasukuma gurudumu. Hebu jaribu nyumbani kushika jembe huku unasukuma toroli. Ndipo utaelewa kwa nini wachezaji hawa mabega yao ni kama ya wapasua mbao.

Asiya alicheza mchezo huo na kuiwakilisha Kenya.

Vinyoya ni mchezo unaofanana na tenisi, ila badala ya mpira kuna kitu kidogo chenye manyoya, na hakitakiwi kugusa chini hata mara moja. Wanaocheza kwa viti, mmoja kwa mmoja, hutumia nusu ya uwanja. Asiya akaucheza nao.

Halafu mbio. Mbio ndefu inayoitwa marathoni ni kilomita 42 na mita karibu 200. Ukizunguka uwanja wa riadha wenye mita 400, utauzunguka zaidi ya mara 105. Kiti cha mbio kina magurudumu matatu, mawili makubwa nyuma na moja dogo limechomoza mbele kama mdomo wa ndege. Mtu anainama, kifua chini, anayapiga magurudumu kwa mikono. Hapigi kwa kushika, anapiga kwa kusukuma chini, tena na tena. Katika mbio ndefu, kwenye lami iliyonyooka, kiti hicho kinakwenda kasi kuliko binadamu yeyote anayekimbia kwa miguu. Washindi wa viti humaliza marathoni kabla ya washindi wa miguu. Hili si fumbo, ni hesabu ya saa.

Kwetu Rungwe tunajua shida yake. Lami ni ile barabara kuu inayotoka Uyole kushuka Kyela, na vipande vingine. Ukiiacha, ni kupanda na kushuka. Mvua zetu hamhitaji kuelezwa. Magurudumu madogo ya mbele yanazama kwenye tope kama kisigino cha bibi harusi. Baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu inajitahidi, lakini mlima ni mlima. Kwa hiyo hatukuja kuwaambia kwamba kesho kila mwenye ulemavu wa Rungwe atakimbia marathoni. Mombasa ni tambarare, na Asiya alikuwa na lami. Mazingira nayo yana neno lake.

Sasa tufike kwenye kasia. Hapa tutakaa kidogo, maana ni mchezo tunaouonea raha kuueleza.

Ndugu zetu wa Kyela wanapopiga kasia Ziwa Nyasa, mtu anakaa au anasimama ndani ya mtumbwi, anaangalia mbele anakokwenda, na kasia lake ni moja. Mchezo wa kasia wa mashindano ni kinyume. Mtu anakaa ameipa mgongo njia anayokwenda. Anaona anakotoka tu. Makasia ni mawili, kila mkono moja, nayo yamefungwa kwenye vyuma vilivyotoka nje ya mtumbwi. Mtumbwi wenyewe ni mwembamba sana. Ukipiga chafya vibaya umepinduka.

Mtu mwenye miguu mizima hutumia miguu kuliko mikono katika mchezo huo. Kiti kinateleza. Anakunja magoti, anasukuma, mgongo unafuata, mikono inamalizia. Nguvu nyingi inatoka mapajani. Asiyekuwa na miguu nguvu hiyo hana. Kwa hiyo wachezaji wamegawanywa kufuatana na sehemu za mwili wanazoweza kutumia. Kundi la Asiya ni la wanaotumia mabega na mikono tu. Kiti chao hakitelezi, kimefungwa. Na mpiga kasia naye anafungwa kifuani kwa mkanda, ili asiyumbe. Mitumbwi yao ina vielea viwili vidogo, kimoja kila upande, kusaidia isipinduke.

Fikirini basi. Umefungwa kwa mkanda ndani ya chombo chembamba, majini, unakwenda usikokuona, kwa mikono tu, mita 2,000. Zamani kwa wenye ulemavu ilikuwa mita 1,000. Kuanzia mwaka 2017 wakaambiwa nao wapige 2,000 sawa na wengine. Wengi wao walifurahi. Walikuwa wanadai kupimwa kwa kipimo kilekile.

Asiya alijaribu mchezo huu baada ya hiyo mingine. Bahari ilikuwa pale pale Mombasa. Oktoba 2019 yalifanyika mashindano ya Afrika mjini Tunis, nchini Tunisia, ya kutafuta watakaokwenda Tokyo. Asiya alikwenda, akapata nafasi. Akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufuzu kupiga kasia katika michezo ya Paralimpiki.

Paralimpiki ni michezo mikubwa ya dunia ya watu wenye ulemavu, na hufanyika baada ya Olimpiki, katika mji uleule. Chanzo chake ni daktari mmoja, Ludwig Guttmann, aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akaenda Uingereza. Huko alitibu askari waliovunjika uti wa mgongo vitani. Tarehe 29 Julai 1948 aliwakusanya wagonjwa 16 wakashindana kupiga mishale. Wakati ule watu wa namna ile walitazamiwa kufa mapema, wakilala tu kitandani na kupata vidonda. Daktari huyu aliwatoa kitandani. Mwaka 1960 michezo ikafanyika Roma, na wanariadha wapatao 400 wakaenda.

Michezo ya Tokyo ilikuwa ifanyike 2020. Ikaja korona, ikasogezwa mwaka mzima. Hebu fikirini mtu amepata nafasi Oktoba 2019, halafu anaambiwa subiri. Mazoezi yakawa ya shida kila mahali. Wengine duniani walikata tamaa. Asiya akangoja, na Agosti 2021 akaingia majini Tokyo. Hapakuwa na watazamaji, kwa ajili ya ugonjwa ule. Kando ya maji palikuwa kimya.

Hakupata medali. Hakuingia hata katika fainali ya wale sita wanaogombea medali. Tunalisema hili wazi kwa sababu tumeona baadhi ya watu wakitoa habari za wenye ulemavu wanapamba, kila mmoja bingwa, kila mmoja shujaa. Mtu akishindwa mbio kashindwa. Mchezaji mwenyewe analijua hilo, na kumficha ni kumdharau. Aliyeshinda ni Birgit Skarstein wa Norwei, na alitumia kama dakika 11. Wa pili alikuwa Mfaransa, Nathalie Benoit. Wa tatu ni Moran Samuel wa Israeli.

Lakini angalieni jambo moja juu ya hao washindi. Skarstein naye si mtu wa mchezo mmoja. Wakati wa baridi alikuwa akishindana juu ya theluji, ameketi kwenye kiti chenye mbao mbili za kutelezea chini yake, anajisukuma kwa fimbo mbili. Moran Samuel alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, wa miguu na baadaye wa viti, kabla ya kushika kasia, na mwaka 2024 alipata medali ya dhahabu mjini Paris. Kumbe Asiya kubadilisha michezo minne si kutangatanga. Mabega yaliyopigishwa tenisi ndiyo yanayovuta kasia. Ni kama mkulima aliyelima mahindi, akaja akalima viazi. Jembe amekwisha lizoea.

Tofauti kati yao na Asiya hatuwezi kuipima kwa moyo peke yake. Kuna vyombo, kuna makocha, kuna chakula, kuna miaka ya mazoezi. Nchi yetu wenyewe mwaka 2012 ilipeleka London mwanariadha mmoja tu wa Paralimpiki, Zaharani Mwenemti, wa kutupa tufe. Mmoja! Taifa la mamilioni. Na sisi watu wa Tukuyu hatuhitaji kufundishwa kwamba mchezo unaweza kuutoa mji mdogo ukajulikana. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na Simba na Yanga wakatazama. Hakuna aliyetazamia. Walioshinda walikuwa vijana ambao mtu aliwapa mpira na akawaacha wacheze.

Yuko mwanamke mwingine wa Kenya tungependa mmjue, kwa sababu maisha yake yanakaribiana zaidi na ya vijijini kwetu. Anaitwa Anne Wafula Strike. Alizaliwa mwaka 1969 katika kijiji cha Mihuu, magharibi ya Kenya. Alipokuwa na miaka kama miwili na nusu alipata polio. Wanakijiji hawakusema polio. Walisema ni laana, familia ile imefanya jambo. Baba yake alikuwa askari wa jeshi. Akaichukua familia yake akahama nayo. Anne akasoma, akafika Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu. Baadaye aliolewa akahamia Uingereza, na huko ndiko alikoanza mbio za kiti mwendo. Mwaka 2004 aliiwakilisha Kenya huko Athens. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kushindana mbio za viti katika michezo ile. Baadaye akapata uraia wa Uingereza akaikimbilia nchi hiyo.

Mpaka hapo ni habari nzuri. Lakini mwisho wa mwaka 2016 Anne alipanda treni huko huko Uingereza, nchi tajiri. Choo cha mtu wa kiti mwendo kilikuwa kibovu. Safari ilikuwa ndefu. Alijikojolea mle ndani. Mtu mzima, mke wa mtu, mwanariadha wa taifa. Wengi wangenyamaza kwa aibu. Yeye alisema hadharani, kwenye magazeti, kwamba aibu si yake. Kampuni ya treni ikamwomba radhi.

Tumeisema habari hiyo kwa sababu ya vyoo vyetu. Wazee mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Tulikusanyika kwenye redio, tukasoma vijitabu, tukachimba vyoo. Ilikuwa kazi nzuri, na watoto wengi hawakuugua kwa sababu yake. Lakini choo kile kilikuwa choo cha mtu anayechuchumaa. Tundu, na mahali pawili pa kuweka miguu. Asiyeweza kuchuchumaa afanye nini? Atambae kwa mikono mahali ambapo wengine wamekanyaga na viatu. Halafu kwa mikono hiyo hiyo ale. Tulipouliza kwa nini mtoto fulani aliacha shule darasa la tatu, tulifikiri tutaambiwa masomo ni magumu. Kumbe ni choo. Alikuwa hanywi maji tangu asubuhi ili asiende chooni. Hatimaye akaona bora abaki nyumbani.

Kutengeneza choo cha mtu wa namna hiyo si kazi ya mfadhili. Chukua stuli ya mbao imara, kata tundu katikati, iweke juu ya tundu la choo. Pigilia mti ukutani wa kushikia, urefu wa kiwiko cha anayekaa. Mlango uwe mpana kupitisha kiti, na ufunguke kwa nje. Mbele ya mlango pasiwe na ngazi, pawe na mteremko mdogo uliopigwa mawe ili mvua isiuondoe. Fundi wa kijiji anamaliza kwa siku moja. Miti ipo.

Na kwa kuwa tumetaja polio, tusipite bila kusema neno. Mwaka 2015 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeondokana na polio. Lakini Februari 2022 ilitangazwa kwamba mtoto mmoja amepata polio Lilongwe, Malawi. Malawi ni jirani zetu hapo, watu wanavuka Kasumulu kila siku. Ndiyo maana Machi mwaka ule walipita watu wa afya nyumba kwa nyumba katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, wakiwapa watoto matone. Wako wazazi waliouliza kwa nini mtoto apewe tena wakati kadi yake imejaa. Jibu ni hilo. Polio haina dawa ya kuirudisha miguu. Ina kinga tu.

Sasa tuje kwa wale wasiohesabiwa. Katika darasa moja la kisomo, kijiji tutakiacha, alikuwapo baba mmoja asiyetembea. Alikuja kwa kutambaa, amevaa kandambili mikononi. Aliketi karibu na mlango kwa sababu hakutaka kuwapita wenzake akiwa chini. Kwenye daftari la mahudhurio mwenzake mmoja alikuwa amemwandika "Kiwete". Ana jina, ametajwa kwenye ubatizo, ana watoto. Tulimwomba aandike jina lake mwenyewe. Alilijua. Aliandika polepole, herufi kubwa, akaukata ule mstari wa kwanza kwa kalamu mara mbili.

Tulimwuliza anahitaji nini. Tulifikiri atasema kiti mwendo. Alisema darasa lihamie jengo la chini, kwa sababu njia ya kupanda kule juu mvua ikinyesha anateleza na kurudi alikotoka. Darasa likahamia chini. Baadhi ya wanakisomo walinung'unika, kwa maana jengo la chini linavuja, na ni kweli linavuja. Mpaka leo wanabishana, wengine wanakaa na ndoo katikati ya darasa. Yeye haji tena akiwa na tope kifuani.

Tuna jambo moja la fedha la kuwakumbusha, kwa kuwa kusoma mnajua na tangazo likibandikwa mtalisoma wenyewe. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi mwaka 2024. Halmashauri ya Rungwe inahusika, na ya Busokelo inahusika. Anayepaswa kuulizwa ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ile asilimia 2 wakati mwingine waombaji hawatokei. Fedha zipo, watu wako chumba cha nyuma. Mwenye ulemavu anayesuka vikapu, anayeshona viatu, anayefuga kuku, anayeuza ndizi barabarani, wote ni watu wa kuomba. Lakini ni mkopo. Unarudishwa. Asije mtu akasema hatukumwambia.

Mmetuletea maswali, na tutajibu mawili kabla jua halijazama.

Swali la kwanza linasema: mtu asiye na vidole kamili anashikaje kasia au raketi? Ni swali zuri. Asiya hakupoteza vidole vyote. Vilivyobaki vimejifunza kazi ya vilivyoondoka, kama mnavyoona fundi seremala aliyekatwa kidole na msumeno bado anashika nyundo. Na wapo wachezaji wa tenisi ya viti ambao mikono yao haina nguvu ya kushika kabisa. Hao hufunga raketi mkononi kwa plasta, ikawa kama sehemu ya mkono. Hata kijiko mnaweza kufanya hivyo nyumbani, na hata kalamu. Kipande cha mpira wa baiskeli kinatosha. Zungusha kwenye kiganja, chomeka kalamu.

Swali la pili limeulizwa na juba mmoja, na hakuliandika, ametunong'oneza. Ana binti wa miaka 9 asiyetembea. Shule haijampokea kwa sababu hajapelekwa. Anauliza kama amechelewa. Hajachelewa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyo haki ya kusoma na wenzake katika shule ya kawaida. Aende kwa mwalimu mkuu. Akizungushwa, aende kwa Afisa Elimu wa Kata. Akizungushwa na huko, aje kwetu, tutakwenda pamoja. Amesema atakwenda Jumatatu. Tumemwambia aende na mtoto mwenyewe, asiende peke yake kumsimulia. Na apite kwanza kukiangalia choo cha shule, apime mlango kwa kamba.